Uwezo na Haki: Fikira juu ya Lewiathani

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna maana mbili zisizopatana. Maana ya kwanza ni ya busara: mtu mwenye akili hasimami katika njia ya tembo kwa kutaka sifa ya ushujaa. Maana ya pili ni ya hatari: kwamba njia ni mali ya mwenye nguvu, na kwamba ampishaye hampishi kwa kujihadhari tu, bali humpisha kwa kuwa yampasa. Maana ya kwanza yafundisha kuishi. Maana ya pili yafundisha kusujudu. Watu wengi huanza na ya kwanza, na kwa mazoea ya kupisha wakaishia katika ya pili, wala wasijue siku waliyovuka mpaka.

Basi swali la insha hii ni hili: je, nguvu yaweza kuwa jibu la haki? Mtu aliyeumizwa akiuliza kwa nini ameumizwa, naye badala ya kuelezwa sababu akaonyeshwa ukubwa wa yule anayemwuliza, je, amejibiwa au amenyamazishwa? Swali hili halikuulizwa popote kwa ukali kama lilivyoulizwa katika Kitabu cha Ayubu, na jibu lililotolewa humo ni la ajabu, maana lilitolewa kwa sura ya mnyama. Mnyama huyo ni Lewiathani, joka la bahari.

Katika pwani ya Afrika Mashariki jina la Ayubu ni jina la subira. Kurani yamtaja kuwa mja mwema aliyepatwa na taabu akamlingana Mola wake, na washairi wa Kiswahili walimtungia utenzi. Ayubu wa kitabu cha Waebrania naye ana subira, lakini ni subira ya sura mbili za mwanzo. Alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, wana saba na binti watatu. Akapoteza vyote, kisha akapoteza na afya ya mwili wake. Siku saba alikaa kimya. Kisha akafungua kinywa, na neno lake la kwanza lilikuwa laana juu ya siku aliyozaliwa. Katika laana hiyo aliwataka wale wajuao kumwamsha Lewiathani wailaani siku ile pamoja naye. Kwa hiyo jambo moja lafaa kukumbukwa tangu mapema: joka hili halikutajwa kwanza na Mungu. Lilitajwa kwanza na mwanadamu, katika saa ya uchungu, alipotamani ulimwengu mzima urudi gizani kwa kuwa nyumba yake imeingia giza.

Rafiki watatu walikuja kumfariji, nao ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Hoja yao ilikuwa moja yenye mavazi matatu: Mungu ni mwenye haki, mwenye haki haadhibu bure, basi Ayubu ana kosa hata kama halijui. Ayubu aliikataa hoja hiyo. Hakusema kwamba hakupata kukosa maishani mwake. Alisema kwamba makosa yake hayakulingana na mapigo yake, na akataka aitwe mbele ya Hakimu asomewe mashtaka. Mabishano yakaendelea sura baada ya sura. Kijana mmoja, Elihu, akaingia na kusema mengi. Mwishoni Mungu mwenyewe akanena kutoka katika upepo wa kisulisuli.

Msomaji anayefika hapo kwa mara ya kwanza hutega sikio kusikia mashtaka, au msamaha, au walau maelezo. Hasikii hata kimoja. Asikia habari za misingi ya dunia, ghala za theluji, mbuni, punda wa mwitu na farasi wa vita. Mwisho wa yote, sura ya 41 nzima, aya thelathini na nne, imetolewa kwa Lewiathani peke yake. Magamba yake yameshikana hata hewa haipiti katikati. Pumzi yake huwasha makaa. Upanga kwake ni kama bua. Akiogelea, bahari huchemka kama chungu. Na Ayubu aulizwa: je, waweza kumvua kwa ndoana? Waweza kucheza naye kama mtu achezavyo na ndege, au kumfunga kamba awe mchezo wa binti zako? Je, wafanya biashara watamnadi na kumgawa wao kwa wao?

Tukiyasoma maswali hayo kwa haraka tutasema kuwa hii ndiyo methali yetu katika maana yake mbaya. Ayubu aliuliza juu ya haki, akajibiwa juu ya uwezo. Alisema, "Nieleze kosa langu," akaambiwa, "Tazama ukubwa wa mnyama wangu." Wako wasomaji wengi, wa zamani na wa sasa, waliofunga kitabu hapo kwa huzuni. Mimi nakiri kuwa huzuni yao ina msingi, na sitaki kuipita upesi. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yatupasa kujua joka hili lilitoka wapi na lilitumiwaje na wengine.

Wataalamu wamebishana kama Lewiathani ni mnyama wa kweli. Wengine walisema ni mamba wa Mto Nile. Na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo ya Muungano imemwita mamba katika Ayubu 41, ingawa katika Zaburi imemwachia jina lake. Wengine walisema ni nyangumi, na hata leo katika Kiebrania neno hilo ndilo jina la nyangumi. Lakini mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Shamu, alipokuwa akilima mahali paitwapo Ras Shamra, aligonga kaburi la kale. Mwaka uliofuata Wafaransa walianza kuchimba chini ya uongozi wa Claude Schaeffer, ukafunuliwa mji wa Ugarit, ulioangamia yapata miaka 1,200 kabla ya Kristo. Katika vigae vya udongo vya mji huo mlikuwa na hadithi za Baali, mungu wa mvua na radi. Na humo limetajwa joka ambalo jina lake ni ndugu wa jina la Lewiathani, lenye vichwa saba, nalo laitwa nyoka akimbiaye na nyoka ajipindaye. Sifa hizo mbili ni zile zile alizozitumia nabii Isaya katika sura yake ya 27, karne nyingi baadaye. Hapana shaka tena kwamba Waebrania hawakulitunga joka hili. Walilirithi kutoka kwa jirani zao.

Sasa angalia jirani hao walilifanyia nini. Kwao joka la bahari lilikuwa adui wa kuuawa, na aliyeliua alipata kiti. Jambo hili laonekana wazi zaidi Babeli, katika utenzi wao wa kuumbwa kwa ulimwengu. Bahari ya chumvi, Tiamati, aliinuka kuwapiga miungu. Miungu wakaogopa. Marduki, aliyekuwa kijana kati yao, akakubali kwenda vitani, lakini hakukubali bure. Aliweka sharti kwanza: nikishinda, neno langu liwe amri isiyobadilishwa. Wakakubali. Akamwua Tiamati, akampasua vipande viwili, na kwa kipande kimoja akazitengeneza mbingu. Kisha mwanadamu akaumbwa kutokana na damu ya mshirika wa Tiamati, ili awe mtumishi na miungu wapumzike. Utenzi huo ulikuwa ukisomwa Babeli kila sikukuu ya mwaka mpya.

Mtu asidhani hiyo ni hadithi ya kuwalaza watoto. Ni mkataba wa utawala. Ndani yake mna mambo matatu yafuatanayo kama shanga katika uzi: kwanza hofu ya joka, pili mtu mwenye nguvu anayejitolea kuliua, tatu amri isiyoulizwa baada ya joka kufa. Na yafaa kujiuliza mfalme wa namna hiyo atafanya nini joka likiisha. Jibu ni kwamba halitakwisha. Litauawa upya kila mwaka mpya, kwa sababu kiti kilichosimama juu ya mzoga wa joka chahitaji mzoga mpya kila mara. Mtawala aliyepata enzi kwa hofu hana faida katika amani iliyo kamili.

Waandishi wa Kiebrania nao walionja ladha hiyo. Zaburi ya 74 yasema Mungu alivivunja vichwa vya Lewiathani akawapa viumbe wa jangwani wamle. Isaya asema ataliua joka siku ya mwisho. Lakini katika Zaburi ya 104 jambo jipya limetokea. Mshairi ameitazama bahari pana yenye viumbe wasiohesabika, merikebu zapita juu yake, na Lewiathani yumo, naye Mungu alimwumba ili acheze humo. Hapana vita. Hapana upanga. Hapana kiti kilichopatikana kwa mzoga. Joka lililokuwa adui wa ulimwengu limekuwa kiumbe mmojawapo, na kazi yake ni kucheza.

Sura ya 41 ya Ayubu imesimama katika njia hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Isomwe tena kwa makini: hakuna mahali Mungu anaposema kwamba alimwua Lewiathani, wala kwamba atamwua. Amsifu. Asifu viungo vyake, nguvu zake na umbo lake zuri, kama fundi asifuye jahazi aliloliunda mwenyewe. Hii ni tofauti kubwa, nami nitairudia. Lakini kwanza yafaa tuangalie jinsi watu wa baadaye walivyolitumia joka hilo kwa kazi zao.

Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes alitoa kitabu alichokiita Leviathan. Alizaliwa mwaka 1588, na alikiandika kitabu hicho huko Paris, alikokimbilia kabla nchi yake haijaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642. Mfalme wa nchi hiyo alikatwa kichwa mwaka 1649. Katika ukurasa wa mbele wa kitabu kile mna picha ya jitu lenye taji, lililoinuka juu ya milima, upanga katika mkono mmoja na fimbo ya askofu katika mwingine. Na ukilitazama kwa karibu utaona kuwa kiwiliwili chake chote ni watu, mamia ya watu waliobanana, nyuso zao zimelielekea. Juu ya picha limeandikwa neno la Kilatini kutoka Kitabu cha Ayubu, lisemalo kwamba duniani hapana nguvu ya kulinganishwa naye.

Hoja ya Hobbes ni hii. Watu wasio na mtawala huishi katika hofu ya kila mtu kwa mwenziwe, maana hata mnyonge aweza kumwua mwenye nguvu akiwa amelala. Kwa hiyo wapatane, kila mmoja atoe haki yake ya kujitawala, waziweke haki hizo zote katika mikono ya mmoja. Huyo mmoja ndiye Lewiathani, naye Hobbes alimwita mungu mwenye kufa. Kazi yake ni kuwatisha wote ili mmoja asimtishe mwenziwe. Na kwa kuwa ametokana na mapatano yao, hawezi kuwadhulumu: afanyalo yeye wamelifanya wenyewe.

Si haki kumdharau Hobbes. Alikuwa ameona nchi isiyo na mlinzi, na waliowahi kuiona nchi ya namna hiyo hawacheki wasikiapo hoja yake. Tena hakuwa mtumwa wa wafalme: alisema kwamba mtu ajapokuwa raia hawezi kuitoa haki ya kuilinda roho yake, na Chuo Kikuu cha Oxford kilikichoma moto kitabu chake mwaka 1683. Lakini katika kulichukua jina la joka alifanya jambo moja ambalo mimi sikubaliani nalo. Alichukua jibu lililotoka katika upepo wa kisulisuli akalitia katika kinywa cha serikali. Ayubu aliulizwa, "Nani awezaye kusimama mbele yake?" Sasa raia aulizwa swali lilo hilo, na aulizaye ni mtu mwenye mate mdomoni kama yeye.

Hapo ndipo yapasa kuweka mpaka. Kuna msiba na kuna dhuluma. Msiba hauna mkono wa mtu: mafuriko, ukame, maradhi, kifo cha ghafla. Dhuluma ina mkono wa mtu, na mkono huo una jina. Aliyepatwa na msiba akiuliza kwa nini, huenda jibu la kweli likawa kwamba ulimwengu ni mpana kuliko nyumba yake. Lakini aliyepigwa na askari au aliyenyang'anywa shamba na mkubwa akiuliza kwa nini, akaambiwa kwamba ulimwengu ni mpana, huo ni uongo na matusi. Yeye hakuuliza juu ya ulimwengu. Ameuliza juu ya mkono, na mkono uko pale pale, waweza kujibu. Kila mtawala ajibuye swali la haki kwa kuonyesha ukubwa wake amejivika ngozi ya mnyama asiye wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenye kukifasiri Kitabu cha Ayubu zamani hawakupata kuliona. Kwa maelfu ya miaka swali, "Waweza kumvua kwa ndoana?" lilikuwa na jibu moja tu. Mwaka 1870 jibu hilo lilikuwa limekwisha kubadilika. Svend Foyn wa Norway alikuwa ametengeneza mzinga wa kurusha chusa chenye baruti kilichopasuka ndani ya mwili wa nyangumi. Mwaka 1925 ilianza kutumika merikebu ya kiwanda yenye mteremko nyuma, ili nyangumi mzima avutwe juu na kukatwakatwa huko huko baharini. Katika msimu mmoja tu, wa 1930 na 1931, waliuawa nyangumi buluu zaidi ya 29,000 katika bahari ya kusini. Mnyama huyo ndiye mkubwa kuliko wote waliopata kujulikana duniani. Urefu wake waweza kupita mita 30. Mafuta yake yalifanywa sabuni na siagi ya kupaka mkate. Katika karne nzima ya ishirini nyangumi wa kila aina waliouawa kwa biashara walikaribia 2,900,000. Ilipofika miaka ya 1970, nyangumi buluu wa kusini walikuwa wamebaki mamia machache tu.

Basi ndoana imepatikana. Wafanya biashara walimnadi, wakamgawa wao kwa wao. Kama nyangumi ndiye Lewiathani, kama wengi walivyofikiri, mwanadamu sasa aweza kusimama mbele ya upepo ule na kujibu, "Naam, naweza." Je, kwa jibu hilo amekuwa mwenye haki kuliko Ayubu? Je, amepata ruhusa ya kumhukumu Mungu, au hata ya kuihukumu bahari? Hakuna mwenye akili timamu atakayesema ndiyo. Tuliweza, na kuweza kwetu hakukutupa haki. Kulitupa aibu tu, hata mataifa yakakutana mwaka 1982 kuamua kwamba uwindaji huo wa biashara usimamishwe, na amri hiyo ikaanza kufuatwa mwaka 1986.

Lakini angalia kisu hiki kinavyokata pande mbili. Kama uwezo wetu juu ya nyangumi hautupi haki juu yake, basi uwezo peke yake hauwezi kumpa mtu yeyote haki yoyote. Na kama ni hivyo, jibu alilopewa Ayubu, likiwa maana yake ni nguvu tu, ni jibu bovu. Na ubovu wake umedhihirishwa na fundi mmoja wa mizinga. Hapo msomaji ana njia mbili. Aweza kulitupa jibu lile pamoja na joka lake. Au aweza kurudi kulisoma tena, aone kama ndani yake mlikuwa na neno lingine tangu mwanzo.

Mimi nimeifuata njia ya pili, nikaona neno hili. Katika hotuba ile Mungu ataja mvua inyeshayo katika nchi isiyokaliwa na mtu, ikaotesha majani jangwani. Mvua hiyo ni ya nani? Hapana shamba pale, hapana mkulima wa kushukuru wala mwenye dhambi wa kuadhibiwa. Ataja punda wa mwitu asiyebeba mzigo wa mtu. Ataja mbuni, ndege anayechekesha, akimbiaye kwa furaha yake. Na mwisho ataja Lewiathani, asiyefaa kwa chakula, kwa kazi wala kwa mapambo ya nyumba. Viumbe wote hao wana jambo moja: hawakuumbwa kwa ajili ya Ayubu. Wako kwa ajili yao wenyewe, na yuko anayewapenda jinsi walivyo.

Hilo lamhusu nini mtu aliyezika watoto kumi? Lamhusu sana. Tukumbuke kosa la rafiki zake. Wao waliamini kwamba ulimwengu wote ni mizani ya kumpima mwanadamu: neema ni sifa, msiba ni hukumu. Ayubu alibishana nao juu ya kipimo, lakini juu ya mizani walikuwa pamoja. Naye aliamini kwamba pigo lake ni hukumu. Alichokataa ni kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Hotuba ya upepo haikugusa kipimo; iliivunja mizani. Ilimwonyesha ulimwengu ambao mvua hainyeshi kwa kuwapa watu tuzo, na joka halichezi kwa kuwapa watu adhabu. Basi ikiwa ulimwengu si mizani, msiba si hukumu. Na ikiwa msiba si hukumu, Ayubu hakuhukumiwa. Aliyedhani amesomewa hatia ameambiwa kwamba hapakuwa na kesi.

Kwamba hii ndiyo maana yake, mwisho wa kitabu washuhudia. Mungu hakuwasifu wale waliomtetea. Aliwakasirikia rafiki watatu, akasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Neno hili ni zito. Waliosema kwamba mwenye nguvu daima ana haki, walikemewa na mwenye nguvu mwenyewe. Na aliyelalamika aliambiwa amesema sawa. Nani angaliweza kutazamia hivyo? Mtawala wa duniani hufanya kinyume: huwapa vyeo wamsifuo, na aulizaye humwita adui.

Sitasema kwamba kwa jibu hilo kila kitu kimekwisha. Mwishoni Ayubu alirudishiwa mali maradufu, akazaa tena wana saba na binti watatu. Lakini wale kumi wa kwanza hawakufufuka, na mzazi yeyote ajua kwamba mtoto hana badala. Kitabu chenyewe hakisemi kwamba aliwasahau. Kuna maumivu ambayo kuyatolea sababu ni kuyaongeza. Na pengine ubora wa jibu lile ni kwamba halikutoa sababu. Mtu akiambiwa kwamba mwanawe alikufa ili afundishwe jambo fulani, atakuwa na haki ya kumchukia mwalimu.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani, katika Talmudi, walieleza jinsi Mungu anavyogawa saa kumi na mbili za mchana. Tatu za kwanza hujishughulisha na Sheria. Tatu za pili huhukumu ulimwengu, na aonapo kwamba wastahili kuangamizwa, huondoka katika kiti cha hukumu akakaa katika kiti cha rehema. Tatu za tatu hulisha viumbe wote, mdogo na mkubwa. Na tatu za mwisho hucheza na Lewiathani. Mtu mwepesi atacheka asikiapo hayo, lakini mimi naona ndani yake mafundisho makubwa. Mwenye enzi yote ametengewa robo ya siku asiyohukumu mtu wala kuamuru kitu, bali hufurahia kiumbe asichokihitaji. Nguvu iliyo kamili haijionyeshi kwa kuua joka. Hujionyesha kwa kuliacha liishi. Marduki alihitaji mzoga ili awe mfalme. Anayecheza na joka hahitaji mzoga wa mtu.

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hutoka katika maji baridi ya kusini wakapita pwani yetu, wakaja kuzaa na kulea watoto katika maji ya vuguvugu ya Kenya, Zanzibar na Tanzania bara. Wavuvi huwaona wakiruka na kujibwaga, maji yakatimka kama moshi. Mtu akiuliza wanaruka kwa faida gani, wenye elimu watampa sababu kadha wa kadha, na huenda zote zikawa za kweli. Lakini atazamaye kutoka katika ngalawa hupata jibu lingine kabla ya hayo yote: wanacheza. Chusa kipo, mzinga upo, nao wanapita. Twaweza, wala hatufanyi. Katika neno hilo dogo, wala hatufanyi, ndimo haki inamoanzia.

Basi narudi kwenye methali yangu. Mwenye nguvu mpishe, naam, kwa busara, kama jahazi lipishavyo mwamba. Lakini usimwambie mwenye nguvu kwamba njia ni yake. Aliye mkubwa, awe serikali, tajiri, mzazi au mwalimu, akiulizwa na mdogo kwa nini, asijibu kwa kuonyesha ukubwa wake, kwa maana jibu hilo halikumtosha hata yule aliyemwumba Lewiathani. Aeleze sababu. Na kama hana sababu, auondoe mkono wake.